Madigadi kwenye baiskeli ya resi isiyo na matundu: usichomelee, usitoboe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Uyole na kazini kwangu ni mjini Mbeya. Nilichoka kugombania daladala nikanunua baiskeli ya resi ya mtumba, ya gia, tairi zake zimeandikwa 700 x 25C. Kiangazi nilifurahi sana. Tangu mvua zianze nafika kazini na mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, na viatu vimelowa chapachapa. Nimezunguka Mwanjelwa kutafuta madigadi, kila fundi ananiambia fremu haina matundu ya kufungia. Mmoja yuko tayari kunichomelea vishikizo, mwingine anataka kutoboa foku apige ribiti. Muuzaji aliniambia fremu ni aluminiamu na foku ni kaboni. Nimfuate nani? Vishikizo hivyo vinaweza kubeba na keria? Pia kutoka nyumbani hadi kwenye lami kuna kipande cha barabara ya udongo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kati ya hao wawili usimfuate yeyote, na baiskeli usiwaachie hata kwa usiku mmoja. Madigadi utafunga, tena itakaa vizuri, kwa vibano vya ukanda wa aluminiamu vilivyovishwa mpira wa tyubu. Fremu haitatobolewa na moto hautaisogelea.

Nianze na wa kuchomelea, maana yeye ndiye atakayekuharibia zaidi, na kwa nia njema kabisa. Mashine yake ni ya mageti na madirisha ya chuma, na vijiti vyake ni vya chuma. Aluminiamu haishikani na chuma kwa njia hiyo. Halafu chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 1,500 za Selsiasi, aluminiamu kwenye 660 tu, na yenyewe haiwi nyekundu kwanza ikakupa taarifa. Fundi aliyezoea geti atakuwa bado anasubiri wekundu wakati bomba limeshatoboka. Hata ukimpata mwenye mashine ya gesi ya agoni anayeijua aluminiamu vizuri, shida haijaisha. Fremu nyingi za aluminiamu hutengenezwa kwa aina inayoitwa 6061. Hiyo kiwandani ikishachomelewa huingizwa tanurini, ikapozwa ghafla, kisha ikaokwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa, na humo ndimo inamopata nguvu zake. Ukiipiga moto upya mtaani, sehemu iliyo kando ya mshono hupoteza karibu nusu ya nguvu hizo, na hakuna tanuri la kuirudishia. Haitakatika siku hiyo. Itakatika baadaye, na aluminiamu ikikatika haipindi kwanza kama chuma.

Wa kutoboa naye anasema tundu la milimita 5 ni dogo, litafanya nini? Mjerumani Kirsch alishalipigia hesabu suala hili mwaka 1898: bamba linapovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la mviringo hufika mara tatu ya ule ulio mbali na tundu, na tundu likiwa dogo namna hiyo, udogo wake haupunguzi hiyo mara tatu. Bomba la fremu yako lina unene wa milimita moja na ushee. Kila shimo la barabarani na kila tuta linapita kwenye ukingo huo, na aluminiamu ni metali inayochoka: mkazo mdogo ukirudiwa mara nyingi vya kutosha huanzisha ufa. Foku ya kaboni ndiyo usiiguse kabisa na drili. Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, na ukitoboa umezikata nyuzi zinazobeba uzito wako wote unapofunga breki. Foku ya mbele ikikatika hakuna cha kujishikia.

Kabla hatujaendelea, usimwamini muuzaji kwa maneno. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ipitishe kwenye fremu na kwenye miguu yote miwili ya foku. Ikinata, hicho ni chuma. Isiponata, gonga kwa sarafu: aluminiamu inalia, kaboni inatoa sauti butu kama ya plastiki nene. Nimeona foku nyingi za chuma zilizopakwa rangi nyeusi zikauzwa kwa jina la kaboni. Ikiwa yako ni ya chuma, vibano nitakavyokueleza vitafaa vilevile na utakuwa na wasiwasi mdogo zaidi wakati wa kukaza.

Sasa kazi yenyewe, na inaanza na nafasi, kabla ya kununua chochote. Baiskeli ya resi imeundwa tairi likae karibu sana na breki. Chukua ufunguo wa alen namba 6, ule wenye pembe sita, upitishe kati ya tairi na sehemu ya breki iliyo juu yake, mbele na nyuma. Tairi liwe na upepo kamili unapopima, maana likiwa limelegea litakudanganya. Ufunguo ukipita kwa raha na bado unaona mwanga, unaweza kupitisha madigadi nzima chini ya breki. Ukibana au usipopita, usilazimishe. Usije ukamsikiliza mtu akikwambia upunguze upepo au ulikwangue tairi, hayo nimeyasikia kwa masikio yangu. Madigadi yenyewe ina unene wa milimita moja au mbili, na inataka milimita nne au tano za hewa juu ya tairi hata kwenye lami safi. Kwa baiskeli nyingi za resi jibu ni kwamba haipiti.

Ikiwa haipiti, ikate. Madigadi hukatwa vipande viwili pale pale penye breki: kipande kimoja kinaishia nyuma ya breki, kingine kinaanzia mbele yake, na breki yenyewe inabaki katikati bila kitu chini yake. Maji kidogo yatapenya kwenye pengo hilo, lakini ni kidogo kweli. Kwa gurudumu la mbele unaweza hata kukiacha kile kipande cha mbele ya breki, ingawa ukishuka mteremko kwa kasi kuna matone yatakayorushwa mbele halafu upepo uyarudishe usoni. Kipande cha nyuma ya foku, kile kinachoshuka kuelekea miguuni, hicho usikiache kamwe. Nitakirudia.

Ipi ununue? Hapa watu wengi wa kwetu hupotea kwa sababu ya neno "inchi 28". Baiskeli za Phoenix tulizokua nazo ni inchi 28, na za mtumba za Ulaya wanazopandia watu mjini nazo ni inchi 28, lakini magurudumu yake hayalingani. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Yako itaandikwa 25-622: upana milimita 25, na kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa milimita 622. Zile za mjini za Ulaya nazo ni 622. Phoenix ni 635. Kwa hiyo madigadi ya Phoenix ina tao kubwa kuliko gurudumu lako, na isitoshe ni ya bati, nzito na pana, haiingii kati ya miguu ya foku ya resi hata ukiibembeleza. Tafuta ya plastiki iliyotolewa kwenye baiskeli ya mtumba ya Ulaya, yenye upana wa milimita 35 hivi. Kanuni ya mkono ni upana wa tairi ujumlishe milimita kumi. Ukiipata pana zaidi, ikate kingo kwa mkasi wa bati na uzisugue kwa msasa. Wapo wanaopasua bomba la maji la PVC katikati na kulikunja kwa maji ya moto. Linakunjika, ila hukunjamana upande wa ndani na huishia kugusa tairi, kwa hiyo mimi silipendi.

Lakini usiidharau Phoenix. Fito zake za madigadi, zile waya nene zinazotoka kwenye madigadi hadi kwenye ekseli, ni za chuma kizuri na wauza vipuri vya zamani wanazo. Spoki ni nyembamba mno, itatetemeka na kupiga kelele njia nzima. Waya wa milimita 3 hadi 4 ndio unaotakiwa.

Vibano sasa. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, omba mabaki. Kila karakana ina rundo kwenye kona na mara nyingi watakupa bure au kwa hela ya soda. Unataka ukanda bapa wa unene wa milimita moja na nusu, ukate kwa upana wa milimita 15. Utahitaji vipande vinne vya sentimita tisa hivi, viwili kwa foku na viwili kwa nyuma, na cha tano ukiharibu kimoja.

Kukunja ndiko kunakohitaji mkono mtulivu. Funga kipande cha nondo ya milimita 16 kwenye jiliwa, kisimame wima. Kiwekee ukanda katikati, ushike ncha mbili na uvute kuzunguka nondo mpaka upate herufi U, kisha ubane masikio mawili kwa plaizi ili yakutane yakiwa sambamba. Kunja mara moja tu. Aluminiamu ukiikunja, ukaikunjua, ukaikunja tena, imeshaanza kukatika hata kama huoni ufa. Kipande cha namna hiyo kitupe. Toboa masikio yote mawili kwa drili ya milimita 5 yakiwa yamebanwa pamoja, ili matundu yaoane. Kisha chukua tupa uondoe makali yote, hasa kwenye zile kona nne, kwa sababu kona kali ndiyo itakayokata mpira na kufika kwenye rangi, halafu kwenye fremu.

Ndani ya kibano weka mpira. Tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha, kata ukanda mpana kuliko kibano kwa milimita mbili tatu kila upande, ili hata kikisogea aluminiamu isiguse bomba. Kwa foku ya kaboni weka tabaka mbili, na kabla ya hapo zungushia bomba mkanda mweusi wa umeme. Bolti ni ya milimita 5, inayofunguliwa kwa spana namba 8, na nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani. Nati ya kawaida italegezwa na mtikisiko hata uikaze vipi. Ukishakaza, tazama masikio: yabaki na mwanya wa milimita moja au mbili. Yakigusana, kibano kimefika mwisho wake na hakibani tena kitu, kwa hiyo ongeza mpira. Kwenye kaboni kaza mpaka kibano kisizunguke ukikisukuma kwa kidole gumba, basi. Kaboni inavumilia sana kuvutwa kwa urefu wake, kubanwa sehemu moja haipendi.

Miguu ya foku inapungua unene kadiri inavyoshuka, na kibano kikilegea kitateleza kuelekea upande mwembamba, yaani chini, kuelekea ekseli. Kiweke sentimita tano hadi nane juu ya ekseli, na chini yake uzungushie mkanda wa umeme mara kadhaa, kiwe na mahali pa kuegemea.

Nyuma, vibano vinakaa kwenye zile bomba mbili nyembamba zinazoshuka kutoka chini ya siti hadi kwenye ekseli. Upande wa kulia kuna cheni. Weka cheni kwenye gurudumu la meno lililo dogo kabisa la friwili, lile la nje, kisha zungusha pedeli kinyumenyume taratibu huku umeinama unatazama kati ya cheni na kichwa cha bolti. Lazima uone nafasi. Isipokuwepo, geuza kibano masikio yaelekee nyuma, au kipandishe juu kidogo. Kosa hili halionekani ukiwa kwenye gia za katikati. Utaligundua siku unashuka kuelekea mjini, umeweka gia kubwa, na cheni inanasa kwenye bolti.

Juu, madigadi inashikiliwa na bolti ya breki. Tengeneza kipande cha herufi L kwa ukanda uleule au bati nene kidogo. Nyuma ya foku utaona nati ndefu imezama ndani, inafunguliwa kwa alen namba 5. Ifungue, toboa L yako tundu la milimita 8, ipitishe nati hiyo kwenye tundu kichwa chake kikamate L, na uirudishe. Hapa kuna jambo moja la kuhesabu kwa umakini: unaporudisha, hesabu nati inazunguka mara ngapi tangu inaposhika uzi hadi inapokaza. Zisiwe chini ya sita. Uzi wa bolti hiyo una hatua ya milimita moja kwa mzunguko, na bolti ni ya milimita 6, kwa hiyo mizunguko sita ni uzi wenye kina sawa na unene wa bolti. Ikipungua, tafuta nati ndefu zaidi, zinauzwa kwa urefu mbalimbali na kwenye breki za mtumba zimejaa. Hii ni breki, mwanangu, na hapo sikubali makadirio. Nyuma mpangilio ni huohuo, isipokuwa nati iko upande unaotazama bomba la siti. Na kule chini karibu na pedeli, pale madigadi ya nyuma inapoanzia, vibano viwili vya plastiki wanavyofungia nyaya mafundi umeme vinatosha, na kipande cha mpira katikati kisipige kelele.

Ukishaikata madigadi vipande viwili, kila kipande kinahitaji L yake. Ile ya mbele ya foku inakaa kati ya breki na foku, kwa hiyo hapo tundu liwe la milimita 6. Hesabu mizunguko upya, kwa sababu unene umeongezeka.

Nimeahidi kurudia kipande cha gurudumu la mbele, kile cha nyuma ya foku. Kuna hatari moja ambayo wauza madigadi hawaisemi. Tairi la mbele linazunguka, chini linarudi nyuma, linapanda nyuma ya foku na kupita juu kuelekea mbele. Kijiti kikiokotwa na tairi kinaingizwa kwenye madigadi kwa mdomo wake wa chini, nyuma. Kikikwama humo, tairi linaendelea kukivuta, nacho kinaivuta madigadi, inajikunja juu ikajibana chini ya foku, na gurudumu linasimama papo hapo. Anayepanda anapitiliza juu ya usukani. Kwetu barabara zina vijiti vya mikaratusi, maganda ya miwa na mabua ya mahindi yanayodondoka kwenye magari, kwa hiyo sikusimulii habari za mbali.

Kampuni ya SKS ya Ujerumani hutengeneza vishikizo vya plastiki kwa fito za mbele vinavyochomoka zenyewe madigadi ikivutwa kwa nguvu. Cha kwako kitafanya kazi hiyo kwa njia rahisi. Fito za mbele usizifunge kwa bolti moja kwa moja kwenye kibano. Kila fito ifunge kwenye sikio la kibano kwa vibano viwili vyembamba vya plastiki, vilevile vya kufungia nyaya, vya upana wa milimita mbili na nusu. Vinastahimili mtikisiko wa barabara, lakini madigadi ikivutwa kwa nguvu vinakatika au fito inachomoka. Jua la huku juu huvikausha, kwa hiyo vibadilishe kila msimu wa mvua unapoanza, ni vya bei ya pipi. Nyuma unaweza kufunga fito kwa bolti, kwa sababu gurudumu la nyuma likisimama utaburuza tairi, hutapinduka.

Jambo la pili ni mwanya. Usiufanye sawa mwanzo hadi mwisho. Pale tairi linapoingia kwenye madigadi, chini nyuma, mwanya uwe mdogo, halafu upanuke kidogo kidogo kuelekea mbele. Kilichoingia kitapata njia ya kutokea. Ukiufanya kinyume, umetengeneza mtego.

Ncha za fito zikate ziishie kwenye kibano, zisichomoze, na ncha iliyobaki ivishe kifuniko cha kalamu. Kisha kaa kwenye siti ukiwa umeegemea ukuta, weka pedeli zilale usawa, na ugeuze usukani polepole huku na huku. Baiskeli za resi, hasa fremu ndogo, zina tabia ya kidole cha kiatu kufika kwenye gurudumu la mbele, na madigadi inaongeza sentimita moja au mbili. Kikigusa, haimaanishi uiondoe. Kwa kasi hugeuzi usukani kiasi hicho. Ila ujue, ili usijigonge unapojipenyeza kati ya bajaji pale Kabwe.

Kuhusu ule mstari mgongoni. Tone linaloachia tairi la nyuma usawa wa ekseli, upande wa nyuma, linaruka juu wima na wakati huohuo linakwenda mbele kwa kasi ileile ya baiskeli yako. Halikuachi. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa lina nguvu ya kupanda karibu mita mbili na nusu, na lile linaloachia juu zaidi kidogo linakwenda mbele kukushinda, moja kwa moja hadi kwenye kola. Kwa hiyo madigadi ya nyuma lazima ishuke mpaka usawa wa ekseli au chini yake. Vile vikia vifupi vinavyobanwa chini ya siti vinaokoa makalio tu.

Viatu vilivyolowa ni kazi ya gurudumu la mbele, na hapo urefu ndio kila kitu. Madigadi nyingi za dukani huishia juu mno. Ongeza kipande cha mpira wa tyubu ya lori, upana wa sentimita nane hadi kumi kwa chini, kifunge kwa bolti mbili ndogo zenye washa, na kining'inie hadi sentimita kumi kutoka ardhini. Kitagusa matuta mara mojamoja, hakina neno, ni mpira. Kipande hicho kinaokoa viatu, cheni na zile beringi za pedeli, na ukiniambia nichague kitu kimoja tu katika hayo yote, nitachagua hicho. Madigadi zote mbili bila mpira huo bado utafika umelowa soksi. Maji ya malori yanayokwenda Tunduma sijapata dawa yake. Hayo yanakuja kwa ubavu.

Baada ya kufunga, inua baiskeli na uidondoshe kutoka sentimita kumi juu ya lami, mara kadhaa. Chochote kitakacholia, kipo kitu kinagusa. Zungusha magurudumu, shika breki zote mbili, hakikisha mikono yake inafunga na kuachia bila kugusa L. Endesha mtaani kwako kwanza, kisha kaza nati zote tena, kwa kuwa mpira mpya hujikandamiza safari ya kwanza na vibano vyote hulegea kidogo. Ukishapita hapo vinatulia.

Kipande cha udongo hadi kwenye lami ndicho kinachonipa shaka kuliko yote. Udongo wa Uyole wa kivolkano una mchanga mchanga, hauna ubishi sana, lakini ukipita penye mfinyanzi mwekundu, mwanya wa milimita tano utajaa baada ya hatua chache na gurudumu litagoma kuzunguka. Siku za mvua kubwa beba baiskeli begani hadi lami au isukume pembeni kwenye nyasi; baiskeli ya resi ni nyepesi, hiyo ni faida yake. Ukifika lami, choma choma ndani ya madigadi kwa kijiti kabla hujapanda. Kama ungekuwa unaniandikia kutoka Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na barabara za migombani ni utelezi mtupu, ningekwambia uuze resi ununue baiskeli ya tairi pana. Kwa Uyole na mjini, lami ikiwa ndiyo sehemu kubwa, inafaa.

Na usisahau ringi. Breki zako zinabana ringi yenyewe, tope likikaa pale linakuwa msasa. Ringi ya aluminiamu inaliwa taratibu mpaka ukipitisha kidole unahisi bonde. Futa ringi na mipira ya breki kwa kitambaa kilicholowa kila ukifika. Na mvua inaponyesha anza kubana breki mapema: bano la kwanza linafuta maji tu, la pili ndilo linalosimamisha.

Kuhusu keria: hapana. Vibano hivi vinashika madigadi isiyofika hata nusu kilo. Keria yenye begi la kilo nane au kumi itaviteremsha hadi kwenye ekseli siku ya kwanza, au vikishikilia sana vitalikandamiza bomba. Sare yako ibebe mgongoni. Ukihitaji keria kweli, tafuta ile inayobana kwenye bomba linaloshika siti, lile linaloingia ndani ya fremu, mradi bomba hilo si la kaboni, na usizidishe uzito ulioandikwa juu yake.